Sahani ya Wali Mlangoni

Siku ya harusi ya binti yangu nilichoka hata kabla jua halijatoka. Tulikuwa nyumbani, kijijini Kulesa, na tangu alfajiri nilikuwa jikoni nikipika kwa masharti. Binti alikwenda kusoma Uganda, akaingia dini ya Kiyahudi, akampata mume huko huko, Myahudi wa Mbale. Kambare hawali, eti hana magamba. Sasa sufuria gani ya nyumba hii haijapikiwa kambare? Ikabidi nitafute mpya. Mdomoni sikulalamika, lakini moyoni nililalamika sana.

Kilichoniuma hasa ni kufunga. Siku hiyo maharusi wao hawaonji kitu mpaka wafungishwe ndoa. Katika ukoo wetu, mama humlisha binti yake matonge ya mwisho kwa mkono wake kabla hajaondoka. Mama yangu alinilisha, nami nimeisubiri zamu yangu tangu mtoto huyu akiwa mgongoni.

"Mpaka tufungishwe, mama," aliniambia. "Vumilia kidogo."

Nikavumilia. Walisimama chini ya kitambaa kilichofungwa kwenye miti minne. Alimzunguka mumewe mara saba, mama zake wadogo wakihesabu kwa sauti utadhani wanaruka kamba. Bwana harusi akakanyaga bilauri, ikavunjika, vigelegele vikapanda. Mimi nikakimbilia jikoni kupakua wali na samaki.

Niliporudi, walikuwa wamejifungia chumbani mwangu. Wanaume wawili waliokuja na bwana harusi walisimama mlangoni. Mmoja akanieleza kwa upole kwamba ndiyo desturi yao: maharusi hukaa peke yao kidogo, wakafungua mfungo wao pamoja, na haingii mtu.

"Hata mama?"

"Hata mama. Nipe sahani, nitawapitishia."

Nikampa. Nikakaa juu ya ndoo iliyopinduliwa, miguu ikiniwaka moto. Nilikasirika, nisiseme uongo. Ndani nilisikia kijiko kikigonga sahani, halafu kicheko cha binti yangu, kile kile cha utotoni. Chakula kilikuwa changu, mkono ulikuwa wa mtu mwingine.

Mara sauti yake ikasogea mlangoni.

"Mama, uko hapo? Wewe umekula?"

Tangu asubuhi sikuwa nimetia kitu mdomoni.

"Nimekula, mwanangu," nikamjibu. "Kula na mwenzio."