Miali Iliyochelewa

Mimi nina kichwa kigumu, na sioni haya kusema. Msimamizi wangu wa chuo aliponipigia simu kuniambia niachane na mada yangu, nilikuwa juu ya dungu, kile kijukwaa cha miti tunachokalia kuamia ndege, yaani kuwafukuza, mpunga unapoanza kuiva. Nilikuwa nimerudi kijijini kwetu Wema kumsaidia mama.

Mada yangu ilikuwa milipuko mifupi ya miali ya gama, ile inayotokea nyota mbili zilizokufa zinapogongana huko mbali kabisa. Haimalizi hata sekunde mbili. Nilitafuta ile miali michache yenye nishati kubwa kuliko mingine, na katika data za setelaiti sikuiona. Msimamizi akasema mlipuko umekwisha na hamna kitu, nitafute mada nyingine kabla ya mwisho wa wiki. Iliniuma sana. Masomo yangu yote ya shahada nilikuwa nimeyaweka pale.

Mchana uleule kundi la ndege wa kweleakwelea likashuka shambani. Nikapiga kelele, nikarusha madongo kwa kombeo, likaondoka lote. Mgeni angeshuka akanywe chai. Sisi hatushuki, maana kundi likishapita huja wale wachache waliobaki nyuma, na wale ndio hula hasa. Nikabaki pale kombeo mkononi, kisha nikajicheka. Jamani, shambani nangoja, kwenye kompyuta nashuka mapema! Hesabu zangu zilikuwa zinakoma pale mlipuko ulipokoma.

Kesho yake nikaenda mjini Garsen penye mtandao, nikapakua data za dakika zilizofuata, nikarudi nazo dunguni. Mama akaniuliza naamia ndege au naamia kompyuta. Nikamwambia vyote viwili, na mpunga wake hautaliwa. Na kweli haukuliwa.

Nikaupata. Mwali mmoja mkali, uliofika mlipuko umeshazimika, kutoka upande uleule wa mbingu. Nikakokotoa kama ungeweza kuwa mwali wa kupita njia tu, nikaona ni vigumu mno. Nikampigia msimamizi. Akasema mmoja hautoshi, nirudie milipuko yote niliyokuwa nimeitupa.

"Na mada?" nikauliza.

"Ni yako. Nani atakunyang'anya?"

Nilifurahi hadi machozi yakanilengalenga. Mama, aliyekuwa chini akipakua chakula, akaniuliza kama nimemaliza, nishuke tule. Nikatazama shambani. Ndege wawili walikuwa wanarudi.

"Bado, mama," nikasema, nikachukua dongo.