Mstari Niliokataa Kuufuta

Mwaka wangu wa mwisho wa kusoma informatique, elimu ya kompyuta, hapa Kisangani, niliutumia kuzunguka mitaani nikiuliza watu wazima wanapenda kufanya nini kazi ikiisha. Nilikuwa natengeneza programu ndogo ya kumalizia masomo. Ukiiambia umri wako, kama wewe ni mwanamke au mwanaume, ulisoma hadi wapi, unakaa komini gani ya mji na una watoto wangapi, inakujibu: jaribu kitu hiki, huenda utakipenda. Kucheza dama, kuimba korali, kufuma, mpira. Lilikuwa jaribio la mwanafunzi, kwenye kompyuta kuukuu iliyozimika kila umeme ulipokatika kwa sababu betri yake ilikuwa imekufa zamani. Lakini programu kama hiyo haiwezi kukisia bila kwanza kuona majibu ya watu wengi. Nikachapisha fomu mia mbili.

Mwenzangu mmoja wa darasa, aliyekuwa na kazi inayofanana na yangu, alizijaza fomu zake zote kwa siku mbili, amelala kitandani, na kalamu za rangi tatu ili mwandiko usifanane. Hakuona haya kunieleza.

"Ma chère, nani ataenda kuhakikisha? Unaenda kuungua na jua juu ya makaratasi?"

Nilimjibu kwamba kama ningetaka kujua mawazo yangu mwenyewe, nisingechapisha hata fomu moja. Alicheka. Mimi sikucheka.

Baba yangu ni fundi wa kushona. Sisi ni wa zile familia za Waislamu ambazo mababu zao walifika huku kwa biashara ya zamani, wakaoa, wakazaa, wakabaki. Papa hakuelewa sana programu yangu, lakini alinipa baiskeli yake, na asubuhi ya kwanza alinisindikiza hadi barabarani.

"Wakikufukuza, usiinamishe kichwa," aliniambia. "Sema asante, enda nyumba ya pili."

"Asante ya nini, papa, na wamenifukuza?"

"Juu wajue hauogope."

Nilianzia komini ya Kabondo. Siku ile ya kwanza nilifukuzwa mara nyingi kuliko nilivyokaribishwa. Mmoja alidhani naandikisha watu wa uchaguzi. Mwingine alidhani ni kodi, akafunga mlango kabla sijamaliza salamu. Na waliokubali kunisikiliza, fomu yenyewe iliwashinda. Orodha ya mambo ya kujifurahisha nilikuwa nimepewa na mwalimu aliyesimamia kazi yangu, naye alikuwa ameitoa kwenye mfano wa nchi za mbali: golfu, kuteleza kwenye theluji, kulala porini ndani ya hema, kulima bustani. Mama mmoja aliyekuwa anachambua maharagwe kizingitini aliniomba nirudie hilo la mwisho.

"Kulima? Kulima iko kujifurahisha?" Akageuka kwa jirani yake. "Sikia, banatuletea maneno!" Kisha akaniambia, bila ubaya: "Kuja kesho asubuhi saa kumi na mbili, nikupatie jembe. Utajifurahisha mpaka utalia."

Kesho yake sikutoka. Nilikaa karibu na mashine ya papa, nikaifuta ile orodha kwa kalamu, fomu moja baada ya nyingine, na pembeni nikaandika mambo ninayoyaona kwa macho yangu: dama ya vifuniko vya chupa, kusuka nywele, kuangalia mpira kwa jirani, korali, na nzango, ule mchezo wa wanawake wa kuruka na kurusha miguu huku wengine wakipiga makofi. Chini kabisa niliacha nafasi tupu: kingine.

Mwalimu alipoziona alikasirika. "Mademoiselle, mtu habadilishi chombo katikati ya kazi," alisema kwa Kifaransa chake kilichonyooka.

"Chef, hakuna mutu anateleza kwenye theluji hapa Kabondo."

"Basi wangejibu hapana. Hapana nayo ni jibu."

Nilirudi barabarani na fomu zangu nilizozichafua.

Vijana walijibu haraka, wazee wa kiume pia. Wanawake waliopita miaka arobaini ndio walionisumbua. Kila mmoja: "Mimi? Haiko. Niko na kazi." Ningeweza kuandika "haiko" na kwenda zangu. Lakini mmoja wa hao walioniambia haiko, nilimwona mwenyewe asubuhi uwanjani, amekifunga kitenge kiunoni, anacheza nzango na kupiga kelele kama msichana wa miaka kumi na mitano. Nikaelewa kwamba neno ndilo lililokuwa baya. Loisir, yaani burudani, kama fomu ilivyosema, kwao ilikuwa kitu cha watu wavivu. Nikabadilisha swali. Nikawa nauliza: "Mama, siku kazi imekwisha na hakuna mutu anakuita, mikono yako inafanyaka nini?" Hapo wakaanza kusema.

Ndivyo nilivyofika kwenye nyumba moja ya matofali, karibu na shule. Mwenye nyumba alikuwa tonton, kama tunavyowaita wanaume wa rika la wajomba zetu, mtu wa ofisi na miwani, aliyenipa kiti na kujibu kwa mpangilio: kusoma gazeti, kufuata mpira kwenye redio, kujadili siasa. Uani, mke wake alikuwa anaponda ndizi za lituma, ametupa mgongo. Nilichukua fomu ya pili nikageukia upande wake.

"Andika: hapendi kitu," tonton alisema. "Bibi yangu iko mutu wa nyumba."

"Samahani, tonton. Swali iko ya mama mwenyewe."

"Mimi njo chef wa ménage, mukubwa wa nyumba. Kile nasema, njo kile."

"Chef wa ménage ameshajibu, kwenye fomu ya kwanza. Hii ya pili iko ya mama."

Mchi ulinyamaza kidogo, kisha ukaendelea. Tonton alisimama, akanipokonya fomu na kalamu, akaandika mwenyewe kwa herufi kubwa, katikati ya ukurasa: NÉANT. Hakuna kitu.

"Bon. Imekwisha. Na siku ingine, ukiingia kwa nyumba ya watu, ujifunze adabu."

Nilisema asante, nikatoka na kichwa juu.

Sikufika mbali. Nilikuwa nasukuma baiskeli niliposikia ndara zinanifuata. Alikuwa yule mama, na beseni tupu kichwani, kama mtu aliyetumwa sokoni.

"Ile karatasi," alisema huku anahema. "Futa kile ameandika."

Nikaitoa. Akaangalia nyuma, kisha akaongea haraka haraka.

"Mimi napigaka calcul."

"Calcul ya sokoni, mama?"

"Eh! Sokoni ya nini?" Alikasirika kweli. "Équations. Niliachaka masomo mwaka ya tano ya sekondari, juu ya mimba ya kwanza. Watoto wangu wote wamepita examen d'État, ile mutihani ya kumaliza sekondari, na makaratasi yao yote nimechunga ndani ya mufuko ya muchele. Nyumba ikibaki yangu peke, napiga moja. Karatasi ikikosa, nafanya na makaa chini, kwenye ciment nyuma ya jikoni. Mbele ya yeye kurudi, nasukula na maji."

"Na yeye hajui?"

"Atajua kama unamuambia." Kisha uso wake ukafunguka. "Kuko moja ya logarithme, ilinikatalia siku tatu. Siku ya ine, ikakubali. Hata chakula sikukula, mutoto wangu. Nilikuwa naangalia tu."

Nilikata lile neno la tonton kwa mistari miwili na juu yake nikaandika: kupiga hesabu. Alisoma mpaka alipohakikisha nimeandika vizuri. Halafu akaenda zake na beseni lake.

Fomu zote zilipoingia kwenye kompyuta, programu ilikisia vizuri kwa vijana na vibaya sana kwa wanawake waliopita arobaini. Mwalimu alipitisha kidole kwenye kioo, mstari kwa mstari, kila mstari ukiwa mtu mmoja. Alikuwa anatafuta wale ambao jibu lao halikufanana na la mtu yeyote. Mama mmoja anayekariri nauli za boti zote za kwenda Isangi ingawa hasafiri. Mama mmoja anayetengeneza redio. Yule wa hesabu.

"Hawa ni makelele tu," alisema. "Futa. Ukiwafuta, programu yako itakuwa nzuri."

Haikuwa uongo. Nilijaribu nyumbani, na programu ikawa nzuri ghafla, safi, ya kupewa alama. Nilikaa mbele yake nikaona aibu, kama mtu aliyewatoa wageni kwenye viti vyao ili picha ipendeze. Nikawarudisha wote. Lakini moyo wangu haukutulia. Alama zilikuwa zangu, mstari ulikuwa wa mtu mwingine. Nikaona heri nimuulize yule mama wa hesabu mwenyewe.

Nilienda saa tonton yuko ofisini. Mama alinisikiliza akiwa amesimama mlangoni. Nilimweleza kwamba nimeingiza umri wake, komini yake, watoto wake, na programu imemchagulia kitu.

"Inasema nipende nini?"

"Kufuma."

Alicheka mpaka akashika mlango. "Kufuma! Sindano inanishindaka tangu shule ya msingi!" Kisha akauliza: "Na mwalimu wako anataka unifute?"

"Anasema mistari kama yako inaharibu kazi."

"Mimi mwenyewe najifutaka kila siku, na maji. Inatosha. Mwambie hivyo." Kabla sijaondoka alinieleza kwamba logarithme zimekwisha, sasa ni intégrales zinazomkatalia.

Sikumwambia mwalimu maneno hayo, hayakuwa ya kugawa. Nilimwambia tu kwamba sifuti. Alinieleza, bila kupaza sauti, kwamba yeye ndiye atakayenipa alama. Nikajibu kwamba najua.

Siku ya kutetea kazi, walikaa wahukumu watatu mbele, na yeye pembeni, mikono kifuani. Papa alikuwa nyuma, amevaa kanzu yake ya Ijumaa, haelewi Kifaransa cha pale lakini amenikazia macho. Nilieleza nilichofanya, kuanzia orodha niliyoifuta. Nikasema wazi kwamba programu inakosea, na inamkosea nani.

"Kwa hiyo, mademoiselle, jaribio lako limeshindwa?" aliuliza mhukumu wa kwanza.

"Programu imeshindwa, mheshimiwa. Nilitaka kujua kama umri, komini na idadi ya watoto vinatosha kukuambia mtu anapenda nini. Nimepata jibu. Havitoshi."

"Nilimshauri aondoe mistari inayopotoka," mwalimu wangu aliingilia.

"Ni kweli alinishauri," nilisema. "Nilikataa. Watu wale nimewaona, wapo. Kama programu haina nafasi yao, kasoro iko kwenye programu."

Mtu fulani nyuma alisema "Eh!" na wengine wakacheka.

Mhukumu wa tatu alikuwa mama, mwalimu wa hesabu. Aliinua karatasi yangu.

"Huyu anayepiga hesabu. Amefika wapi?"

"Logarithme amemaliza. Sasa anahangaika na intégrales, peke yake, kwenye mitihani ya watoto wake."

"Na aliacha shule mwaka wa ngapi?"

"Wa tano."

Aliandika kitu.

Nilipita, kwa alama za kupita tu. Mwenzangu wa kalamu tatu alipita kwa sifa, na programu yake ilikisia vizuri kila mtu aliyemzua mwenyewe. Sitasema haikuniuma. Iliniuma wiki nzima. Lakini ningerudishwa pale leo, ningezichafua zile fomu tena, na ningezitetea kwa sauti kubwa zaidi.

Yule mhukumu mama alinisimamisha kwenye korido baadaye, akafungua mfuko wake, akatoa kitabu cha analyse, tawi la hesabu lenye zile intégrales, jalada limeshikwa na gundi, kurasa zimejaa maandishi yake ya zamani. "Mpelekee," alisema. "Mwambie aanzie sura ya pili. Ya kwanza itamchosha."

Nilikipeleka Jumamosi. Sikuchagua saa, na tonton ndiye aliyefungua. Alinitambua mara moja.

"Wewe tena? Unaleta nini?"

"Kitabu, tonton."

"Ya nani?"

Nilikuwa na majibu mawili, na moja lilikuwa la uongo. Kabla sijachagua, mama alitokea nyuma yake, anapangusa mikono kwenye kitenge.

"Yangu," alisema.

Alipita kando ya mume wake, akakipokea kwa mikono miwili, akavuta kiti cha plastiki hadi mbele ya nyumba, pale wapita njia wote wanapoona, akakaa. Tonton alibaki ameshika mlango. Aliangalia kitabu, akaniangalia mimi, akamwangalia mke wake, kama mtu aliyeamka akakuta meza imehamishwa.

"Unasoma nini?"

"Analyse."

"Analyse ya nini?"

"Ya fonctions."

Alikohoa. Jirani alikuwa ameshaacha kufagia ili asikie.

"Na chakula?" tonton aliuliza mwishowe.

"Iko ndani ya nyungu," mama alijibu bila kuinua kichwa, akafunua kurasa, akitafuta sura ya pili.