Ufukwe Uliopigwa Pasi

Kazi ya dobi huyu ni kuondoa. Huondoa damu kwenye mashuka, wino kwenye mifuko ya mashati, mafuta ya gari kwenye suruali za kazi, na pale mteja anapoona haya kusema doa ni la nini, huliondoa bila kuuliza. Duka lake lina vyumba viwili. Cha mbele kina kaunta, na nyuma ya kaunta hukaa mkewe, ambaye hupokea nguo na hujua nani kanenepa kwa kutazama kiuno cha suruali. Cha nyuma kina mabeseni, kamba za kuanikia, na meza ndefu ya kupigia pasi iliyotandikwa blanketi na shuka juu yake. Kwenye meza hiyo, katika miaka yake yote ya kazi, alikuwa hajaunguza nguo ya mtu. Hilo alilisema mwenyewe, na mkewe, ambaye si mtu wa kumpamba mumewe bure, alilikubali.

Kwa hiyo alipoanza, akiwa tayari ana wajukuu, kutia madoa kwenye karatasi safi kwa makusudi, nyumbani walimtazama kwa jicho la pembeni.

Aliyemwingiza katika mambo hayo ni mteja, mwalimu mstaafu wa kuchora, mwanamke mrefu ambaye blauzi zake zilikuja kila wiki na michirizi ya buluu kwenye mikono. Dobi alichoka kuitoa.

"Mwalimu, hii buluu unaipata wapi?"

"Baharini. Njoo Jumamosi uione."

Alikwenda ili amshauri avae aproni. Akarudi na brashi.

Mwalimu huwakusanya wanafunzi wake, wote watu wazima wenye kazi zao, ufukweni asubuhi wakati maji yanakupwa. Kila mmoja huja na kibao, karatasi, kikopo cha maji na kisanduku cha rangi za maji. Kanuni yake ni moja na haina msamaha: katika kisanduku hakuna rangi nyeupe. Nyeupe ni karatasi yenyewe. "Mwanga haupakwi," huwaambia. "Mwanga unaachwa."

Wanafunzi wengine walihitaji kukumbushwa kila wiki. Dobi hakuhitaji. Mtu aliyezeeka akilinda weupe wa mashuka aliipokea kanuni hiyo kama habari njema. Aliacha mwanga wa angani, akaacha wa majini, akaacha wa mchangani, kisha akagusa buluu kidogo katikati kwa ncha ya brashi, kama mtu anayeonja supu ya moto.

Mwalimu aliitazama kazi hiyo kwa muda mrefu.

"Dobi, nilisema uache mwanga. Sikusema uache na bahari."

Nyumbani mambo hayakuwa mepesi zaidi. Mkewe aliishika picha mkono ukiwa umenyooka, akaisogeza karibu, akaigeuza nyuma.

"Naona karatasi."

"Tazama vizuri, mama watoto."

"Naona karatasi nzuri."

Nduguye mke, shemeji yake dobi, ni mpaka rangi wa nyumba, na kwake mzaha wa namna hii ulikuwa chakula. Alipita dukani karibu kila jioni, makoti yake ya kazi yakiwa ndiyo kisingizio. "Shemeji, sema tu nikuletee ndoo moja na rola. Bahari yako naimaliza kabla ya chai."

Dobi alicheka pamoja nao, lakini alijua anachokitafuta. Ni pale wimbi linaporudi na kuacha mchanga umelowa, na juu ya mchanga utando mwembamba wa maji, na anga lote linalala chini pale, miguuni pa mtu. Halikai. Mchanga hunywa maji yale na kila kitu hufifia. Mwanga alikwisha kuujua, ni wa kuacha. Kilichomshinda ni mchanga wenyewe. Kila alipochanganya kahawia na njano alipata chai ya maziwa, na mkewe aliwahi kumwuliza kwa upole nani kaimwaga.

Mwalimu alipopewa ukuta wa korido ya zahanati ili wanafunzi wake watundike picha, moja kila mtu, dobi alinunua fremu siku hiyo hiyo. Maonyesho yalikwisha kufanyika mara mbili kwenye maktaba, na mara zote mbili picha yake ilirudishwa. Katika kundi lile ni yeye peke yake aliyekuwa hajatundikwa popote. Fremu tupu ilikaa kwenye msumari juu ya meza ya pasi, na kila asubuhi aliifuta kioo. Shemeji alisimama mbele yake, mikono mgongoni.

"Hii ndiyo picha yako bora mpaka sasa."

"Safari hii nataka kuona mchanga," Mwalimu alimwonya. "La sivyo, nafasi yako nampa fundi baiskeli, ana picha mbili."

Ijumaa, siku ya mwisho kabla ya kukabidhi picha, mvua ilinyesha tangu alfajiri na hewa ikawa nzito. Picha aliyoichora siku iliyotangulia ilikataa kukauka. Anga lilikuwa safi, bahari kwa mara ya kwanza ilikuwa na rangi ya kutosha kuitwa bahari, na chini yake aliacha ukanda mweupe wa maji. Lakini sehemu ya mchanga ilikuwa bado tupu, na karatasi imelegea na kujikunja kama jani la kabichi. Alikumbuka Mwalimu alisema karatasi iliyojikunja hunyooshwa kwa pasi, upande wa nyuma, moto mdogo. Kama kuna jambo duniani alilolijua, ni hilo. Akaigeuza picha, akaifunika kitambaa cha pamba, akaanza.

Hapo shemeji akaingia, amelowa chapachapa, rangi ya kijani imemganda kwenye nywele. Alikuwa ametoka kupaka nyumba ya watu.

"Nimepaka sebule nzima, shemeji. Kuta nne, na dari. Mwenye nyumba anarudi ananiambia, 'Fundi, kazi safi, lakini mimi nakaa mlango wa pili.'"

Dobi alishika meza kwa mkono mmoja. Alijaribu kuuliza kitu akashindwa. Alicheka mpaka akakaa kitako kwenye ndoo iliyofunikwa, machozi yakimtoka, na shemeji, aliyekuja akiwa na hasira, akaanza kucheka naye. Aliyenusa kwanza ni mke, kutoka kwenye kaunta.

"Nini kinaungua huko?"

Pasi ilikuwa imelala peke yake juu ya picha.

Dobi aliinyanyua, akafunua kitambaa, akaigeuza karatasi. Kuanzia pembe ya chini, moto ulikuwa umepenya na kuacha kahawia iliyokoza, ikapungua taratibu kuelekea juu, na mwisho wake ulifuata umbo la ncha ya pasi, mviringo mpole kama ukingo wa maji. Na ule ukanda mweupe, ambao jana ulikuwa karatasi tu, sasa ulikuwa na jirani mwenye rangi nzito, na uliwaka.

Mkewe alifika mlangoni akiwa na la kusema. Badala yake alisogea, akainama juu ya meza, na mkono wake wa kushoto ukashika pindo la gauni ukaliinua kidogo, kama mtu anayetaka kuvuka maji bila kulowa.

Dobi aliuona mkono ule.

"Unaona karatasi?" akauliza.

"Nyamaza," mkewe akasema. Kisha akili ikamrudia. "Baba watoto, hii si ya kutundika."

"Kwa nini?"

"Itatundikwa wapi? Zahanati. Mashuka ya nani yako kwenye kamba hapo nyuma? Ya zahanati. Makoti ya madaktari? Ya zahanati. Unataka Sista aje asimame mbele ya alama ya pasi, na jina letu la duka chini yake? Tukikosa kazi ya zahanati, tutafua nini, blauzi za Mwalimu?"

Sista ni muuguzi mkuu, na kwa dobi hakuna jicho linaloogopwa kuliko lake. Mashuka yakirudi huyachukua moja moja, huyanyoosha mbele ya dirisha, na husoma kila uzi.

"Naweza kupaka nyeupe juu," shemeji alisema kwa sauti ndogo. "Mikono miwili tu ya rangi. Haitaonekana."

Wote wawili walimtazama mpaka akatafuta mwavuli.

Jioni ile dobi aliiweka picha ndani ya fremu, akaitoa, akairudisha. Bila hiyo hana picha. Asubuhi aliifunga kwa taulo safi, akampelekea Mwalimu, akamweleza yote, na pasi pia. Mwalimu alinusa karatasi, akatabasamu. "Ukuta ni wako. Mengine ni yako na Sista."

Jumatatu korido ilijaa. Wagonjwa walikaa kwenye mabenchi chini ya picha, wachoraji walisimama wakijifanya hawangoji kusifiwa. Dobi alivaa shati alilolinyooshea kola mara mbili. Mkewe alisimama kando yake, pochi ameibana kwapani. Sista alitoka ofisini, akaanza kupita, picha baada ya picha, akiwa na neno jema kwa kila moja. Akafika kwenye ufukwe. Akasimama. Akapandisha miwani. Akasogea mpaka pua ikakaribia kioo.

"Dobi."

"Naam, Sista."

"Huu mchanga."

"Ndiyo, Sista."

"Ni pasi."

Mkewe alifumba macho. Angeweza kusema ni kahawia na njano. Kuna fundi baiskeli pale ambaye angeamini.

"Ni pasi, Sista. Yangu mwenyewe."

"Kwenye meza ile ile ya mashuka yangu?"

"Ile ile."

"Na wewe ulikuwa unatazama wapi?"

"Nilikuwa nacheka, Sista."

Sista aliirudia picha, akaitazama kama anavyotazama shuka mbele ya dirisha, kutoka pembe hadi pembe. Alikaa hapo kuliko alivyokaa kwenye picha nyingine yoyote, na alipogeuka, uso wake ulikuwa umelegea kidogo mahali ambapo huwa haulegei.

"Basi ukija kwenye karatasi, cheka," alisema. "Kwenye mashuka yangu, nuna."

Mashuka yalikuja Jumanne kama kawaida. Tangu hapo, siku za zahanati shemeji haruhusiwi kupita kaunta. Akitokea mlangoni, mke humwonyesha benchi la nje, humpa chai na kumwambia anyamaze. Lakini ukuta wenyewe ni mwembamba, na yeye hajui kusimulia kwa sauti ndogo. Mke husikiliza hadithi hadi mwisho, kisha hupaza sauti kuelekea chumba cha nyuma.

"Baba watoto, umenuna?"

"Nimenuna!" hujibu dobi, na sauti ya ndoo iliyofunikwa ikikaliwa husikika.

"Pasi iko wapi?"

"Nimeisimamisha pembeni, mama watoto. Pembeni kabisa."