Masikio ya Torcuil

Hapa kisiwani Lewis, Uskoti, kila mtu anamjua shemeji yangu Torcuil kwa twidi yake, kile kitambaa kizito cha sufu. Amefuma sufu tangu ujana, katika banda nyuma ya nyumba, akikanyaga mtambo wa kufumia kwa miguu yake mwenyewe. Huo mtambo unapiga kelele za kuziba masikio, na ya kwake umeyaziba kweli. Kiwandani, wanakompa nyuzi na kuchukua kitambaa, hawakujua. Dada yangu Raonaid, mkewe, ndiye aliyemsikilizia. Mlio ukibadilika, yeye akiwa jikoni anazima taa ya banda, na Torcuil anasimama aangalie kimeharibika nini.

Kisha Raonaid akateleza kwenye barafu, akavunjika nyonga. Nikahamia kwao kumuuguza.

Jumamosi hiyo nilitoka kidogo kununua mkate. Niliporudi nilimkuta dada ananing'inia ukingoni mwa kitanda, machozi yanamtoka.

"Taa, Marsaili! Zima taa! Nimeita mpaka sauti imekauka!"

Nikakimbia jikoni nikazima. Mtambo ukanyamaza.

"Nini tena?" Torcuil akapaza sauti toka bandani. "Supu imeiva, au shemeji umeiunguza kama ya jana?"

Nilipofika alikuwa ameshaona. Springi moja ya mtambo ilikuwa imechomoka, na mistari ya kitambaa imekwenda upogo, kijivu juu ya kijivu, urefu wa sebule nzima. Kicheko kikamwisha. Kitambaa kile kilikuwa cha wanunuzi wa Japani, na gari la kiwanda lingekipitia Jumatatu asubuhi kiwahi meli.

Akaanza kufumua, uzi mmoja mmoja. Nilimshikia taa, maana mikono yangu haijui kazi ile. Ilipokaribia saa sita usiku alifunga banda. Jumapili ni ya Bwana; huku hatushiki kazi.

Siku ile ilikuwa ndefu, Mungu anisamehe kusema hivyo. Tulikwenda kanisani, tukarudi, tukala nyama ya kondoo iliyopikwa jana yake. Torcuil alikaa dirishani na Biblia mapajani, na sikumwona akifunua ukurasa. Niliomba, lakini hata sikujua niombe nini.

Jumatatu alfajiri alirudi kufumua. Bado alikuwa ameinama pale Niall, dereva wa kiwanda, alipoingia.

"Mzee Torcuil! Bado tu? Umeoa mke wa pili nini?"

Torcuil hakugeuka. Niall akaita tena, kwa nguvu. Kisha akanitazama mimi, nami nikatazama sakafu.

"Mama Marsaili, hasikii?"

"Hasikii, mwanangu."

"Tangu lini?"

"Ni miaka sasa."

Akavua kofia. "Meli haitangoja. Nimemletea mzigo mwingine wa nyuzi, lakini kiwandani wameniambia kama kitambaa hiki hakijaisha, niupeleke kwa mfumaji mwingine. Na hili la masikio wakiniuliza, mimi siwezi kusema uongo."

"Sikuombi useme uongo," nikamwambia. Ningemwomba nini?

Nikasikia mlango wa gari ukifungwa, mzigo wa nyuzi ukiwa bado ndani. Raonaid naye alisikia. Akaniita toka chumbani, mara moja tu.

Torcuil akainua kichwa, akaliona gari likipanda barabara.

"Yule Niall? Mbona hakunisalimia? Nyuzi mpya ataleta lini?"

Nilisogea karibu na sikio lake, nikapaza sauti.

"Hakusema, shemeji."

Akaitikia kwa kichwa, akaendelea kufumua.