Mguu Wangu, Mkono Wake

Jumamosi ya kwanza ya mwezi wa sita, asubuhi, nilikuwa nimechuchumaa kando ya gari la baba yangu, katika ua wetu wa Mabanga, mjini Goma, nikilitazama goti la kushoto la baba aliyeketi kwenye volani. Kila alipokanyaga ambreyaji, pedali itanguliayo kila badiliko la vitesi, yaani gia, paja lilitetemeka na nyonga ikainuka kutoka kitini. Kaka yangu aliyeko Bukavu alikwishapata mnunuzi wa gari hilo. Alingoja neno langu tu, kwa kuwa mimi ndiye niliyesomea tiba ya viungo.

Kiti kilikuwa kimesukumwa nyuma kabisa. Ndivyo walivyoketi madereva wa malori wa rika lake katika njia ya Butembo: mikono imenyooka, mguu umenyooka, kifua mbali na volani.

"Papa, tulete kiti mbele. Goti likipinda kidogo, paja ndilo litafanya kazi."

"Mwenye anakumbatia volani ni mwanafunzi. Mimi niko shofere, mama."

"Shofere mwenye muguu inacheza ndombolo?"

Alicheka, akakubali. Nilikunja kitenge nikakiweka nyuma ya kiuno chake, nikamwomba apumzishe kisigino sakafuni kila baada ya kukanyaga. Tukaondoka, mimi kando yake, tukafika mtaa wa Mapendo vizuri. Lakini kwenye barabara ya mawe ya lava, pale inapobidi kukanyaga na kuachia bila kukoma, mguu ulimwishia nguvu, gari likazimika. Alivuta breki ya mkono. Kisha akashuka, akazunguka polepole akiegemea boneti, nikampisha, akaketi upande wa abiria.

"Endesha weye."

Mimi nilizoea gari la otomatiki. Mguu wangu ulikuwa na nguvu. Mkono wangu wa kushoto ndio haukujua njia. Gari letu, kama mengi ya Goma, lina volani upande wa kulia, na fimbo ya vitesi iko kushoto kwa dereva. Nilikanyaga ambreyaji, nikapapasa, vyuma vikasaga.

"Unaichokoza bure," alisema, na kiganja chake cha kulia kikatua juu ya fimbo. Ulikuwa mkono ule ule uliobadilisha vitesi vya lori lenye volani kushoto miaka yote ile, na kutoka kiti cha abiria fimbo ilikuwa imerudi upande wake wa zamani. "Kanyaga."

Nikakanyaga. Akaingiza kitesi cha kwanza bila kutazama, bila kelele, bega limelegea.

"Sasa acha. Polepole, mama."

Tulirudi hivyo. Karibu na nyumbani hakuhitaji tena kusema. Aligonga fimbo kwa kidole, nami nikakanyaga.

Majuma machache baadaye nilimpa msafiri wa boti ya Bukavu barua ya kumpelekea kaka. Sikumficha kwamba goti halitapona. Nikamalizia hivi: "Mwambie mnunuzi atafute gari lingine. Papa hakanyagi tena, ninakanyaga mimi. Lakini vitesi bado ni vyake, na baada ya misa ananipitisha njia ndefu ya kurudi, kwa sababu ndiyo yenye kona nyingi."