Adabu ya Malale na Simu ya Imakulata

Imakulata wa Kawajense alikuwa na lori moja la Fuso la kubeba mpunga kutoka mashamba ya Mamba, na dereva mmoja, Malale, kijana wa Kisukuma aliyelelewa akaleleka. Simu ya mkubwa haachi iite. Hata awe kwenye kona atapokea, atatoa shikamoo, na Imakulata atauliza ya nyumbani, ya watoto, ya mvua, ndipo aseme alilopigia.

"Dereva wangu ana adabu," Imakulata aliwatambia wenzake pale kwenye mashine ya kukoboa. "Wa kwenu nyie wanazima simu!"

Alasiri moja alipiga kumwambia apitie magunia Kibaoni.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, baba. Watoto hawajambo?"

"Hawa..."

Kitu kikadondoka, pu! Simu haikukatika; injini ilikuwa inanguruma.

"Malale! We Malale! Si nakuita?"

Akaita mpaka majirani wakachungulia. Halafu simuni vyuma vikalia. Kisha kimya.

Kidole kikaenda kupiga tena, akakirudisha. Kama yu hai, bado yuko kwenye usukani, si atapokea tu? Na asipopokea je? Akakaa na simu mapajani, anaiogopa.

Nyanzala, mke wa Malale, aliyekuja kumchotea maji, akaingia na ndoo.

"Mama, mbona unaitazama hiyo simu? Umeongea na Malale?"

Angeweza kusema hapana. Nani angejua?

"Nimempigia mimi, mwanangu. Alikuwa anaendesha. Nimesikia vyuma."

Ndoo ikaanguka. Nyanzala hakulia, alikaa chini kwenye yale maji, macho mlangoni. Baadaye simu ikaita, namba ngeni. Imakulata akapokea kwa mikono miwili.

"Shikamoo, mama." Alikuwa Malale, kwa simu ya mfugaji mmoja. Gari limelala mtaroni, mkono umevunjika. "Simu ilinidondokea kwenye pedeli. Nikakusikia unaniita, nikainama kuitafuta. Ningekuachaje, mtu mzima unaita? Nisamehe, mama, gari lako..."

"Achana na gari! Kuanzia leo ukiwa unaendesha, nikipiga usipokee. Nipige mara kumi, usipokee."

"Itakuwa jeuri, mama."

"Basi nifanyie jeuri! Mimi ndiye niliyekupa kazi, na leo nusura nikuue kwa salamu."

Akamnyooshea Nyanzala simu. Nyanzala akaichukua bila kumtazama.