Kiberenge cha Betri cha Kwenda Mikindani

Mwanamke wa kwanza kuendesha treni kusini hii ni mimi, na asiyekubali aje tubishane. Barazani kwangu chai ipo. Treni yenyewe ilikuwa ubao juu ya magurudumu manne ya chuma, lakini ilipita juu ya reli, ilibeba abiria na ilikwenda kwa betri. Sasa unataka niiite nini?

Miaka ile ya mwanzo ya Uhuru treni kubwa iliacha kuja. Watu wa reli wakafunga stesheni, wakaenda zao. Reli zikabaki zimelala porini kwetu, upande wa Mpapura, hakuna wa kuzing'oa wala wa kuzitumia. Kando ya stesheni waliacha kiberenge, kile kigari cha kusukuma walichokuwa wakikagulia njia. Kaka yangu, fundi magari mjini Mtwara, alikitazama siku moja akacheka peke yake. Safari iliyofuata akaja na dainamo ya lori na betri mbili. Dainamo, akanieleza, ukiizungusha inatoa umeme. Ukiipa umeme wewe, inazunguka yenyewe. Akaifunga mkanda mpaka kwenye ekseli, kile chuma kinachoshika magurudumu, akaweka na breki ya gogo lililovikwa mpira wa tairi. Tukagusisha nyaya. Kikaguna, kikatetemeka, kikaondoka, na mimi nilikuwa juu yake.

Kaka akarudi gereji, kiberenge akaniachia. Nilikuwa nimetoka kuachika, nimerudi nyumbani na sanduku langu, na kila aliyepita uani alikuwa na huruma ya kunigawia. Sikuitaka. Nikaanza kubeba akina mama na korosho zao na mihogo yao kwenda Mikindani, tunarudi na samaki wakavu. Mwendo ulikuwa wa mtu mwenye haraka zake, na kwenye mwinuko abiria wote walishuka kusukuma, lakini nafasi waligombea hivyo hivyo. Betri nilikuwa nazichaji kwenye jenereta ya shamba la mkonge, wenyewe nawapelekea mihogo.

Kwetu sisi Wamakua, mwenye sauti juu ya binti ni mjomba. Mjomba wangu alikuwa mzito, wa mwili na wa maneno. Mfanyabiashara mmoja wa Mikindani, mwenye wake wawili na meno machache, akaleta posa ya kunioa, na mjomba akaona heri imeshuka. Nikamwambia sitaki, nina kazi.

"Kazi gani? Kuchezea vyuma?"

"Kubeba watu, mjomba."

Akanitazama weee, mpaka nikaona atanipiga. "Haya," akasema. "Ijumaa naswali Mikindani, na yule bwana atanisubiri msikitini nimpe jibu. Nipeleke na hicho kidude chako. Nikiiwahi swala, posa naikataa mwenyewe. Nikiikosa, utaolewa, na sitaki kusikia neno."

"Nimekubali," nikasema, hata mate hajameza.

Sasa sikiliza kilichonikuta. Nyumbani tulikuwa na mama mkubwa, dada yake mama, mtu mwema sana, Mungu amrehemu. Kwetu betri za tochi na za redio zikichoka zinaanikwa juani zipate nguvu, na kweli hupata kidogo. Basi aliposikia kuna safari kubwa, Alhamisi akaziburuta betri zangu za lori mpaka uani, akazilaza ubavu juu ya jamvi, pamoja na makopa, vipande vya mihogo ya kukausha, ili jua lizipate vizuri. Nilirudi kutoka shambani nikakuta jamvi limeliwa matobo, makopa yananuka tindikali, na maji ya betri yamenywewa na mchanga.

"Nimekuanikia, mwanangu," akaniambia, uso umejaa furaha. "Kesho zitakimbia hizo!"

Lahaula! Hasira zilinipanda mpaka kisogoni. Lakini mama mkubwa unamfokeaje? Nikamwambia ahsante, nikaenda kugombana na mti nyuma ya jiko. Kisha nikachota maji ya mvua mtungini, nikazijazia betri, nikapiga moyo konde.

Asubuhi mjomba alifika na kanzu nyeupe iliyopigwa pasi na kofia ya viua, akakaa juu ya ubao kama gunia la chumvi. Nikagusisha nyaya. Kikaenda! Kwa kujivuta, lakini kikaenda, mpaka kwenye mwinuko wa mwisho kabla ya mteremko wa Mikindani. Hapo dainamo ikaguna, ikanyamaza. Jua lilikuwa limeshapanda.

"Basi, mama," mjomba akasema kwa upole, na ule upole ndio ulioniudhi. "Umejitahidi. Ngoja nishuke."

"Kaa hapo hapo, mjomba."

Nikajifunga kanga kiunoni, nikasukuma. Kiberenge kikasogea, kikarudi. Nikasukuma tena, miguu inateleza kwenye kokoto, jasho linaniingia machoni. Niliogopa, sitaki kudanganya. Nilijiona nimeshakaa jikoni kwa yule bwana, mke wa tatu.

Ndipo wakatokea watani wetu, Wayao wa kijiji cha jirani, wanaume kwa wanawake, nao wanateremka Mikindani. Kumwona mjomba amekaa ubaoni na kanzu nyeupe, bibi mmoja akapiga ukelele: "Ooo! Kafa lini huyu? Mbona hatukuletewa taarifa?"

"Na sanda kajivika mwenyewe!" mwenzake akadakia.

"Mimi mzima, nyie watu..."

"Maiti hasemi!"

"Nashuka!"

"Maiti hashuki!" Wakamkandamiza mabega, akakaa.

Msibani kwetu mtani ndiye anayemshughulikia maiti, na ndiye anayemsema, na mtani hakasirikiwi. Ukikasirika umejiaibisha mwenyewe. Mjomba alilijua hilo kuliko sisi sote. Akafumba mdomo. Wakashika ubao, wakasukuma huku wanamlilia kwa sauti, wakitaja uchoyo wake, ulafi wake, na siku aliyokimbizwa na nyuki akaacha shuka njiani. Mimi nilikuwa katikati yao, nasukuma na kucheka mpaka mbavu zinauma.

Kileleni wakaachia. "Mzike salama, binti!"

Kilichobaki kilikuwa mteremko. Mteremko hauna haja na betri, unataka breki, na breki ile hakuna aliyeijua kama mimi. Nikaruka juu. Nikakaza gogo, nikalegeza, nikakaza tena penye kona. Mjomba alinishika bega kwa mikono miwili, anasoma Ayatul Kursi kwa sauti. Mikorosho ikapita, minazi ikapita, kona ya mwisho nikaipiga vizuri mpaka nikajisifu mwenyewe. Tulisimama Mikindani adhana inaadhiniwa.

Nilingoja nje ya msikiti. Amewahi swala, hilo halina ubishi, lakini betri zilizimika njiani, na mjomba akitaka kuleta maneno, maneno anayo. Watu wakatoka. Yule mfanyabiashara akamfuata, wakasogea pembeni, mjomba akamshika mkono akamwambia kitu kifupi. Yule bwana akanitupia jicho mara moja, akaenda zake.

"Umemwambiaje?" nikamuuliza mjomba, hata salamu nimesahau.

"Nimemwambia mpwa wangu ana kazi."

Nikageukia kiberenge. Kurudi kwetu ni kupanda, na betri zilikuwa zimekufa kabisa, kwa hiyo nikakaza kanga nianze kusukuma. Mjomba akanizuia. Akavua kanzu yake, akaikunja vizuri, akaiweka ubaoni, akabaki na msuli na fulana mbele ya watu wote waliotoka swala.

"Panda, mama," akasema. "Breki unaijua wewe. Mimi nitasukuma."

Nikapanda. Akainama, akaanza kusukuma, na mimi nikalia mchana kweupe, wala sikuona haya.